Kuunganisha kompyuta ya kaunta na seva ya databesi dukani bila kuianika seva intaneti

Kazi hii nimeifanya mara nyingi na karibu kila mara naitwa baada ya mtu mwingine kuhangaika nayo siku nzima, yaani databesi ipo kwenye mashine moja pale stoo, inafanya kazi vizuri ukiwa umekaa mbele yake, ila ukienda kaunta ukifungua programu inakwambia haijaiona seva. Halafu jamaa anaanza kubadilisha setingi kumi kwa mpigo, anazima fayawoli (ukuta wa ulinzi wa netiweki), anaweka ruhusa kwa dunia nzima, mwisho inakubali na hajui ni ipi kati ya zile kumi imekubali. Usifanye hivyo. Nenda hatua kwa hatua na kila hatua itesti kabla hujaenda nyingine.

Mfano ninaoutumia hapa ni duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, seva ni kompyuta ya kawaida tu yenye Ubuntu 24.04 (aina ya Linux) na PostgreSQL 16 (programu ya databesi, ndiyo inayokuja na hiyo Ubuntu), kaunta kuna Windows mbili, na baadaye bosi akataka na stoo ya Tabata nayo iingie humohumo. Kama wewe unatumia MySQL mantiki ni ileile, ila poti yake (mlango wenye namba ambao programu inasikilizia) ni 3306 badala ya 5432 na mambo ya ruhusa yanakaa tofauti.

Anza na namba ya IP ya seva. Seva lazima iwe na namba isiyobadilika, kwa sababu ukiiacha ichukue namba yoyote rauta inayoipa, leo ni 192.168.10.14, kesho umeme umekatika ukarudi ni 192.168.10.9, na kaunta zote zimepotea. Namba za ndani zipo makundi matatu yaliyotengwa toka 1996, zinazoanza na 10, zinazoanza 172.16 mpaka 172.31, na zinazoanza 192.168, hizi haziendi intaneti ni za ndani tu. Mimi naipa seva 192.168.10.5 na makusudi kabisa situmii 192.168.1 wala 192.168.0, maana rauta nyingi zinatoka dukani na hizo, siku ukitaka kuunganisha na tawi la pili ukakuta na kule ni 192.168.1 utajuta, kompyuta itakuwa haijui namba unayoitaka ni ya hapa au ya kule.

Kwenye Ubuntu faili lipo /etc/netplan, linaishia na .yaml, ndani linakuwa hivi (jina la kadi ya netiweki litakuwa tofauti kwako, liangalie kwa amri ya ip a):

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
      addresses: [192.168.10.5/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.10.1]

Tumia nafasi za spesi, usitumie tabu, faili hili halina msamaha. Ukimaliza usikimbilie netplan apply, andika sudo netplan try, hiyo inajaribu setingi mpya na usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha za zamani yenyewe, imeniokoa mimi siku niko mbali na seva. Pia ingia kwenye rauta uhakikishe zile namba inazogawa yenyewe zinaanzia mbali, mfano 100 mpaka 200, isije ikampa mteja mwenye simu namba 5 yako.

Na jambo la waya, seva iunge kwa kebo kwenye swichi, waifai waachie simu. Kaunta nazo kebo kama unaweza. Kuna duka nilipoteza nusu siku, ping (amri ya kupima kama mashine moja inaifikia nyingine) haiendi, kila kitu kipo sawa, kumbe kaunta ilikuwa imeingia kwenye waifai ya wageni, ile rauta inaitenga isione vifaa vingine vya ndani. Intaneti unapata vizuri tu ndiyo maana huishuku. Siku hizi swali langu la kwanza ni hilo, umeingia waifai gani.

Sasa tuje kwenye databesi yenyewe. PostgreSQL ikiinstolewa inasikiliza mashine yake tu (localhost), haisikilizi netiweki, na hiyo siyo kasoro, wameiweka hivyo ili isiwe wazi bila wewe kuamua. Faili ni /etc/postgresql/16/main/postgresql.conf, tafuta mstari huu:

#listen_addresses = 'localhost'

uubadilishe uwe

listen_addresses = '*'

Umeona ile alama ya reli mwanzoni? Iondoe. Watu wanabadilisha maneno wanaacha alama, na mstari wenye alama hiyo ni maelezo tu, seva haiusomi. Hili kosa ni la kila siku, na mimi nimelifanya, tena siyo mara moja.

Najua kuna watakaosema hiyo nyota ni hatari weka localhost na namba ya seva tu. Ni hoja nzuri ila kwenye maduka yetu ambapo umeme unaenda unarudi kuna shida yake, seva ikiwaka, PostgreSQL inaweza kuwahi kuamka kabla namba ya netiweki haijapanda, inaikosa ile namba, inaandika kwenye logi kwamba imeshindwa kuikamata kisha inaendelea na localhost kama kawaida. Wewe unakuja asubuhi kila kitu kinaonekana kipo hai ila kaunta haziingii, ukiiristati inakubali, na kesho tena. Kwa hiyo mimi naweka nyota halafu ulinzi naufanya sehemu mbili zinazofuata, ambazo ndizo zenye nguvu.

Ukibadilisha huo mstari lazima uristati:

sudo systemctl restart postgresql

Usishtuke ukiangalia status ukaona imeandikwa active (exited), hiyo siyo kwamba imekufa, ni ile huduma ya juu tu inayoamsha nyingine. Ukitaka ukweli andika pg_lsclusters, itakuonyesha toleo, poti na kama ipo online. Na hapohapo angalia kama una mistari miwili! Mashine zilizopandishwa Ubuntu kutoka toleo la zamani zinabaki na PostgreSQL mbili, moja 5432 nyingine 5433, na unaweza kukaa saa zima unahariri faili la ile isiyotumika. Halafu hakikisha kwa:

sudo ss -tlnp | grep 5432

Ukiona 0.0.0.0:5432 vizuri, ukiona bado 127.0.0.1:5432 rudi nyuma ukaangalie ile alama ya reli.

Tengeneza mtumiaji wa kaunta. Tafadhali usiwape kaunta mtumiaji postgres, huyo ni bwana mkubwa anaweza kufuta kila kitu. Ingia kwa sudo -u postgres psql (psql ni sehemu ya kuandikia amri za databesi) halafu:

CREATE ROLE kaunta LOGIN;
\password kaunta
CREATE DATABASE duka OWNER kaunta;

Ile \password inakuuliza paswedi bila kuionyesha na haiachi paswedi wazi kwenye historia, ni bora kuliko kuiandika ndani ya amri. Na majina weka herufi ndogo zote. Ukiandika CREATE ROLE Kaunta yenyewe inaihifadhi kaunta, kisha kwenye Windows mtu anaandika Kaunta kwa herufi kubwa anakataliwa, mnaanza kulaumiana kuhusu paswedi.

Sasa faili la pili, hili ndilo daftari la mlinzi wa getini, pg_hba.conf, lipo folda ileile. Mlinzi anasoma kutoka juu kwenda chini, mstari wa kwanza unaolingana na mgeni ndio huohuo unaoamua, haendelei kutafuta mwingine hata kama paswedi imekataa. Ongeza:

host    duka    kaunta    192.168.10.21/32    scram-sha-256
host    duka    kaunta    192.168.10.22/32    scram-sha-256

Maana yake ni kwamba mtumiaji kaunta, akitokea kwenye mashine hii moja, anaruhusiwa databesi ya duka tu, na atoe paswedi. Hiyo /32 ni mashine moja kamili, ukiweka 192.168.10.0/24 umeruhusu netiweki nzima ya ndani. Ukiamua kwenda na /32 basi na kaunta nazo zifungie namba zao kule kwenye rauta kwa kutumia MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya netiweki), la sivyo zitahama. Hapa hauhitaji kuristati, kusoma upya kunatosha:

sudo systemctl reload postgresql

Ukiwa umekosea kuandika, PostgreSQL inabaki na daftari la zamani kimyakimya, kwa hiyo ingia psql uandike SELECT line_number, error FROM pg_hba_file_rules WHERE error IS NOT NULL; Kama hakuna kilichorudi uko salama.

Na sasa onyo. Huko mtandaoni utakuta mahali wamekuandikia ukopi upesti mstari wa host all all 0.0.0.0/0 trust. Neno trust hapo ni kumwambia mlinzi mwache yeyote apite bila kuulizwa kitu. Wengine hata wanafungua poti kwenye rauta ili bosi aone mauzo akiwa nyumbani. Januari 2017 maelfu ya databesi za MongoDB zilizokuwa zimeachwa wazi intaneti bila paswedi zilifutwa, wenye nazo wakakuta barua tu inadai bitcoin, na wengi waliolipa hawakurudishiwa. Hakukuwa na utaalamu wowote mkubwa, programu inapita tu inagonga kila namba duniani, anayefungua amepatikana. Poti ya databesi haitoki nje ya geti, nukta.

Fayawoli ya Ubuntu inaitwa ufw. Kama upo kwa SSH (yaani unaiendesha seva ukiwa kwenye kompyuta nyingine) ruhusu SSH kwanza kabla ya kuiwasha, vinginevyo umejifungia nje na funguo ziko ndani:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 5432 proto tcp
sudo ufw enable

Haya, twende kaunta. Kwenye Windows kabla ya programu yoyote fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection 192.168.10.5 -Port 5432

Angalia TcpTestSucceeded, ikiwa True basi netiweki na fayawoli wameshamaliza kazi yao, usiwaguse tena. Kisha jaribu psql yenyewe (ukiinstoli PostgreSQL kwenye Windows itakuuliza unataka vipande gani, ondoa tiki kwenye seva, bakiza Command Line Tools na pgAdmin ukipenda, kaunta haihitaji seva yake):

psql -h 192.168.10.5 -U kaunta -d duka

Ikikubali umemaliza. Isipokubali, soma ilichoandika. Siku nyingi mtu ananipigia ananiambia "imekataa", nikimuuliza imesema nini anasema "imeandika Kiingereza kirefu". Sasa hicho kirefu ndicho dawa yenyewe, maana ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ya watu, namna unavyojibiwa ndiyo inakuambia umefika wapi.

Connection timed out: umebisha hodi mpaka umechoka hakuna hata anayekohoa. Hapo ujumbe haufiki. Namba umekosea, au fayawoli inaumeza, au ndiyo ile waifai ya wageni. Usiguse faili za PostgreSQL, siyo zenye kosa.

Connection refused: umefika nyumbani kwenyewe, ila kwenye poti hiyo hakuna mtu. Seva ipo hewani, PostgreSQL ndiyo haisikilizi. Aidha imezimika, au listen_addresses bado localhost, au ipo 5433.

No pg_hba.conf entry for host: hapa furahi, umeshaongea na PostgreSQL mwenyewe. Mlinzi amekuangalia hakukuona kwenye daftari, na uzuri anakutajia anakuona kwa namba gani, kwa jina gani na unataka databesi gani. Soma vile vitatu ulinganishe na mstari wako, mara nyingi namba ya kaunta imehama kutoka 21 kwenda 34. Usishangae ukiona ujumbe unarudia mara mbili, inajaribu kwanza kwa njia iliyofichwa halafu bila kufichwa.

Password authentication failed: daftarini upo, paswedi ndiyo haiendi. Ila hapa kuna ujanja, hata kama mtumiaji hayupo kabisa anakupa jibu hilohilo, kwa makusudi, asimwambie mwizi jina gani lipo na lipi halipo. Ukweli unausoma kwenye seva, tail /var/log/postgresql/postgresql-16-main.log, pale itaandika wazi kama hilo jina halipo.

Hayo manne ukiyajua hata kwa simu unaweza kumsaidia mtu aliye Mbeya bila kupanda basi.

Tuje kwa stoo ya Tabata. Pale hakuna kebo ya kutoka Kariakoo, kwa hiyo inabidi upite intaneti, na kwa kuwa tumeshakubaliana poti haitoki nje, unatengeneza njia yako ya siri ndani ya intaneti, VPN. Mimi natumia WireGuard, ni nyepesi, imeingizwa kwenye Linux yenyewe toka toleo 5.6 la 2020, na setingi zake zinatosha ukurasa mmoja. Tatizo letu ni kwamba modemu za laini nyingi hazina namba ya IP ya kwao wenyewe, mnachangia moja watu wengi, ukiangalia kwenye rauta utaona namba ya nje inaanza na 100.64 mpaka 100.127 au hata 10. Hapo hakuna wa kukufikia kutoka nje hata ufungue poti zote. Dawa ni kukodi seva ndogo ya mtandaoni yenye namba yake, duka linaipigia, Tabata inaipigia, wanakutana hapo kati. Yenyewe inakuwa 10.8.0.1, seva ya duka 10.8.0.5, Tabata 10.8.0.2.

Funguo unatengeneza kwenye kila mashine:

umask 077
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > wazi.key

Ya siri haitoki kwenye mashine yake, ya wazi ndiyo unawapa wenzake. Kwenye seva ya duka faili /etc/wireguard/wg0.conf:

[Interface]
Address = 10.8.0.5/24
PrivateKey = (yaliyomo siri.key)

[Peer]
PublicKey = (wazi.key ya seva ya kati)
Endpoint = namba.ya.seva.ya.kati:51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25

Tabata vilevile ila Address yake 10.8.0.2/24. Ile PersistentKeepalive usiiache, kila sekunde 25 inatuma kitu kidogo ili njia isijifunge, bila hiyo ukikaa kimya muda modemu inasahau kwamba upo. Seva ya kati inakuwa na ListenPort = 51820 na Peer wawili, mmoja AllowedIPs = 10.8.0.5/32 mwingine 10.8.0.2/32, poti ya 51820 iruhusu kwa UDP siyo TCP, washa net.ipv4.ip_forward=1, na kama ina ufw ongeza sudo ufw route allow in on wg0 out on wg0, hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, unakuta wote wawili wanaiona seva ya kati ila wao kwa wao hawaonani.

Washa kwa sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0, kwenye Windows kuna programu yake unaingiza faili tu. Andika sudo wg show, ukiona latest handshake ya sekunde chache zilizopita wameshasalimiana. Kisha seva ya duka ongeza daftarini:

host    duka    kaunta    10.8.0.2/32    scram-sha-256

na kwenye ufw ruhusu from 10.8.0.2 to any port 5432 proto tcp, reload, na Tabata wanatumia -h 10.8.0.5. Mtandao wa laini ukiwa mzito programu itakuwa mzito pia, hasa zile zinazouliza databesi mara mia kufungua ukurasa mmoja, hilo siyo kosa la WireGuard.

Mhasibu naye atakuja anataka kuvuta mauzo kwenye Excel. Mtengenezee mtumiaji wake wa kusoma tu, CREATE ROLE mhasibu LOGIN; halafu GRANT pg_read_all_data TO mhasibu; (ipo toka toleo la 14), mwekee paswedi na mstari wake daftarini, na kwenye laptopu yake weka draiva ya psqlODBC. Angalia Excel yake ni ya biti 32 au 64, draiva lazima ilingane na Excel, siyo na Windows, hapo ndipo wengi wanapokwama wanaona draiva ipo ila Excel haioni.

Kabla hujaomba hela yako fanya jaribio moja. Zima seva vizuri, zima rauta na swichi, chomoa kila kitu ukutani kama vile umeme umekatika, subiri dakika mbili, washa vyote kwa pamoja bila kufuata mpangilio, maana umeme ukirudi usiku haufuati mpangilio. Usiguse kibodi ya seva. Nenda kaunta fungua programu, mpigie kijana wa Tabata naye afungue.